Mkonge una ndugu zake porini Mexico, na karatasi zao zipo tuzisome

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wa dawati la kilimo. Siku hizi gazeti lako linaandika sana habari za mkonge, bei ya singa (nyuzi za mkonge), korona mpya (mashine za kuchambua majani), vijana wanaochukua mashamba yaliyokuwa yameota pori, na sisi wa huku Muheza tunasoma kila mstari maana mkonge ndo maisha yetu. Lakini kwenye makala moja ya karibuni mwandishi aliandika kwamba mkonge ni zao la asili la Tanga, na hapo naomba nafasi nami niseme kitu, kwa sababu likishachapishwa gazetini watoto wa shule wanalinakili kwenye madaftari na baada ya muda linakuwa ndo ukweli wenyewe.

Mkonge ulikuja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo (vimiche vinavyoota kwenye mlingoti wa maua) elfu moja kutoka Florida, Marekani, vikapitia Hamburg, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Na huko Florida nako mkonge ulikuwa mgeni, ulipelekwa na Henry Perrine, daktari aliyekuwa konsoli wa Marekani kule Campeche, Mexico, na ndiye aliyeupa jina la kisayansi la Agave sisalana mwaka 1838, kisha mwaka 1840 akauawa kwenye kisiwa cha Indian Key wakati wa vita vya Waseminole, wenyeji wa Florida. Kwa hiyo kwao mkonge ni Mexico. Hilo wakongwe wengi wa mashamba wanalijua na halina ubishi. Ninachotaka kusema mimi ni kile ambacho sijakiona kikiandikwa gazetini kwa Kiswahili, kwamba mkonge una ndugu zake ambao mpaka leo wanaota porini bila kupandwa na mtu, kwamba kumbukumbu za hao ndugu zimetunzwa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka mia moja, kwamba mwenye simu yenye intaneti anaweza kuzisoma bure, na kwamba sisi wenye mashamba ya mkonge ndo hatuzisomi.

Ndugu ninayetaka kumzungumzia anaitwa Agave angustifolia, jina alilopewa na Mwingereza Adrian Haworth mwaka 1812. Ukiuona huu mmea utadhani ni mkonge mdogo, majani membamba magumu yamejipanga duara, nchani mwiba mkali, ila pembeni mwa jani kuna safu ya vimiiba vya kahawia ambavyo mkonge wetu mkubwa kwa kawaida hauna. Ni moja ya agave (ndo jina la kisayansi la mkonge na ndugu zake wote) zilizoenea sana kwenye bara la Amerika, inaanzia Sonora kaskazini mwa Mexico karibu na mpaka wa Marekani, inashuka hadi Costa Rica, kuna inayoota kwenye mchanga wa pwani, kuna inayoota kwenye mawe ya chokaa ya Yucatán, kuna inayopanda milimani mpaka inakutana na misitu ya mialoni. Watu wa Sonora wanaoka kitovu chake wakatengeneza pombe inayoitwa bacanora, watu wa Oaxaca wanatengeneza mezcal, na Wamaya wa Yucatán tangu enzi za mababu walichagua ile yenye singa nzuri wakailea taratibu mpaka ikawa henequen, zao lililofunga mizigo ya dunia kabla Tanga haijaanza kukata jani la kwanza.

Na kwetu iko wapi? Iko ndani ya chotara namba 11648. Kila mkulima wa mkonge anaijua namba hiyo kama anavyojua jina la mwanawe. Wataalam wa kituo cha utafiti cha Amani, na baadaye wa kituo cha Mlingano kilichofunguliwa mwaka 1934, walichukua agave iitwayo Agave amaniensis wakaipandisha na hii Agave angustifolia, kisha mtoto aliyezaliwa wakampandisha tena na amaniensis, na kati ya miche mingi waliyoihesabu na kuipima mmoja ndo ukawa 11648. Mkonge wa zamani unakupa majani kama 200 au 250 mpaka unatoa mlingoti wa maua na kufa, chotara huyu anafika hata 600. Miaka ya 1960 akapelekwa China na mpaka leo kilimo cha mkonge cha China kimesimama juu yake. Kwa hiyo robo ya damu ya mmea unaokatwa leo asubuhi Ngombezi au Magunga inatokana na ile agave ya porini niliyoisema. Mtu asituambie kwamba habari za agave mwitu za Mexico hazituhusu.

Sasa hizo kumbukumbu zenyewe ni nini. Kuna kitu kinaitwa hebaria, ni ghala la mimea iliyokaushwa. Mtaalamu anaingia porini, anakata tawi lenye maua au matunda, analibana katikati ya magazeti ya zamani (ndiyo Mhariri, magazeti kama haya yenu, dunia nzima ndo wanayotumia), likishakauka linashonwa au kugundishwa kwenye karatasi ngumu yenye urefu wa kama sentimita 42, na pembeni chini inabandikwa lebo: nani aliuchukua, namba yake ya ukusanyaji, tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, udongo wa aina gani, miti gani ilikuwa jirani, maua rangi gani. Hiyo karatasi inaitwa spesimeni. Inawekwa kabatini mbali na unyevu na wadudu na inaweza kukaa miaka 200 ikiwa bado inasomeka. Hebaria ya taifa ya Mexico, iliyo chini ya chuo kikuu cha UNAM pale Mexico City, ina zaidi ya spesimeni milioni moja. Siku hizi zinapigwa picha, lebo zinachapwa kwenye kompyuta, na data zinapandishwa kwenye mtandao wa GBIF ulioanzishwa mwaka 2001 na makao yake yako Copenhagen, unaingia unaandika Agave angustifolia unaletewa ramani yenye vidoti, kila kidoti ni mmea ambao mtu alisimama mbele yake siku fulani.

Kwa mbaazi au mchicha kazi ya kukausha ni rahisi. Kwa agave ni balaa, na yeyote aliyewahi kubeba mzigo wa mkonge begani atanielewa. Jani lina nyama na maji tele, lina mwiba unaotoboa mpaka buti, utomvu wake unawasha mkono mpaka unavimba, mlingoti una urefu wa mita kadhaa na maua yako juu kabisa, na mmea wenyewe unachanua mara moja tu maishani baada ya miaka mingi halafu unakufa, kwa hiyo ukifika wiki isiyo yake umekosa. Ukilibana jani zima kwenye magazeti halikauki, ama linaoza, ama linaendelea kuishi humohumo ndani kwa wiki nyingi kama vile halijakatwa. Ndo maana wanaofanya kazi hii vizuri wanalipasua jani kwa urefu, wanakomba nyama yote ibaki ngozi, wanachukua kipande cha nchani chenye mwiba, kipande cha katikati chenye ukingo na vimiiba vyake, na kipande cha kitako, maua wanayapasua katikati ili yaonekane ndani mpaka kwenye ovari, mengine wanayachemsha kwanza au kuyatia kwenye spiriti ili yafe haraka. Wakusanyaji wengi wa mimea hawana muda huo. Wanaipita agave wanaokota majani ya pembeni yake, na ndo sababu kundi hili lote ni adimu kwenye makabati ukilinganisha na jinsi lilivyojaa porini.

Nimeangalia karatasi nyingi za spishi hii kwa kuzikuza kwenye skrini ya simu. Ichukue moja tu ya kawaida, ya Sonora. Kushoto kuna ncha ya jani, imegeuka rangi ya tumbaku, mwiba wake bado mweusi na umechongoka, katikati kipande cha ukingo kimeshikizwa kwa uzi mweupe uliofungwa fundo kwa nyuma, vimiiba vimeelekea juu kimoja baada ya kingine na umbali kati ya kimoja na kingine unaweza ukaupima kwa rula iliyowekwa pembeni ya picha. Kulia maua matatu yamepasuliwa, ndani unaona nyuzi za chavua zimechomoza. Chini kuna bahasha ndogo ya karatasi yenye mbegu, nyeusi, bapa, nyepesi. Halafu lebo imepigwa kwa taipureta, imeandika kilima, umbali kutoka kijijini, mwinuko, "maua kijani-njano", "inatoa maotea", na pembeni mtu mwingine miaka mingi baadaye ameongeza kikaratasi kwa kalamu akirekebisha jina la spishi na kuweka tarehe yake. Hicho kikaratasi kidogo ndo kinachonivutia zaidi, kwamba mtu wa kwanza hakufutwa, jina alilotoa liko palepale, na la pili liko chini yake, na akija wa tatu naye ataweka lake, kila mtu anaonekana alisema nini na lini.

Na kazi hii ina wenyewe. George Engelmann, daktari wa St. Louis, alichapisha utafiti wake wa agave mwaka 1875. Baada yake akaja William Trelease wa bustani ya mimea ya mji huohuo. Aliyepita wote ni Howard Scott Gentry, aliyezaliwa 1903, Idara ya Kilimo ya Marekani ilimtuma kutafuta mimea inayoweza kutoa malighafi ya dawa ya kotisoni, na kwenye kutafuta huko akazunguka Mexico miaka na miaka akikausha agave mpaka akawa ndo mtu anayezijua kuliko mwingine yeyote, mwaka 1982 akachapisha kitabu kizima cha agave za bara la Amerika Kaskazini. Huyuhuyu ndiye aliyesema asili ya mkonge wetu wa kawaida itafutwe Chiapas, kusini mwa Mexico, kwa sababu aliwaona kule wanavijiji wakiupanda kuzunguka nyumba na kutoa singa kwa mkono. Hakusema hivyo akiwa amekaa ofisini, alisema baada ya kulinganisha maua na majani aliyokuwa ameyakausha mwenyewe.

Faida yake iko wapi kwa mkulima wa Korogwe? Tuanze na jambo ambalo halipendezi kulisema. Mkonge unazaa kwa vikonyo na maotea (machipukizi ya shinani), kila kikonyo ni nakala ya mama yake, kwa hiyo mkonge wa Hindorf peke yake, na 11648 yetu peke yake, kila mmoja ni kama mmea mmoja uliorudiwa mara mamilioni. Ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Na magonjwa yapo, huu ugonjwa wa milia ambao unaozesha majani ya 11648 hapa kwetu na kule China unaletwa na vimelea vya Phytophthora, na madoa ya majani yaliyopewa jina la Korogwe kabisa, jina la mji wetu liko kwenye vitabu vya magonjwa ya mimea. Dawa ya kudumu ya ugonjwa wa zao ni kurudi kwa ndugu zake wa porini kutafuta anayehimili, hivyo ndo walivyofanya wale wa Amani walipoitumia angustifolia. Sasa leo mtafiti wetu akitaka kujua ni angustifolia ipi inaota kwenye unyevunyevu na joto bila kuoza, ataanzia wapi? Ataanzia kwenye lebo. Zipo za Veracruz na Chiapas kwenye mvua nyingi, zipo za pwani kavu ya Sonora, mwinuko umeandikwa, udongo umeandikwa, mwezi wa kuchanua unaonekana kwenye tarehe. Hakuna haja ya kupanda ndege kwanza. Na akishajua anachokitaka, mbegu haichukuliwi tena kama enzi za Hindorf, kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, lazima Mexico waridhie na wapate chao, na ni haki yao kabisa maana kama si wao Tanga isingekuwa Tanga tunayoijua.

Jambo lingine ni kwamba hao ndugu wa porini nao wako taabuni. Mezcal imepata soko kubwa duniani, na agave ya kutengenezea mezcal inakatwa kabla haijachanua kwa sababu sukari yote iko kitovuni, mlingoti ukishatoka sukari imeisha. Mmea unaochanua mara moja tu ukiukata kabla, hakuna mbegu, na popo wenye ulimi mrefu wanaosafiri usiku kufuata nekta ya agave wanakosa chakula. Popo mmoja wa aina hiyo Marekani walimweka kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1988, ikachukua miaka 30 mpaka kumtoa. Sasa mtu atajuaje kwamba kilima fulani kilikuwa na agave miaka ya 1930 na leo hakina? Mzee wa pale anaweza akasimulia, ni kweli, lakini karatasi yenye tarehe, jina la kilima na mmea wenyewe umeshonwa hapo inamaliza mabishano.

Data hizi zina kasoro na ni vizuri wasomaji wajue kabla hawajaziamini zote. Spesimeni za zamani hazina vipimo vya satelaiti, lebo inasema tu "barabara ya kwenda mahali fulani", mtu wa kompyuta baadaye ndo anakadiria. Kuna vidoti vinaangukia baharini Ghuba ya Guinea kwa sababu mtu aliacha latitudo na longitudo zikiwa sifuri. Kuna mimea ya bustani za hoteli imeingizwa kama ya porini, na angustifolia yenye majani ya milia myeupe inapandwa kwenye bustani sehemu nyingi za joto, kwa hiyo ukiona kidoti Afrika au Asia usishangilie, huyo kapandwa. Vilevile spishi adimu sehemu zake zinafichwa makusudi kwenye mtandao, wezi wa mimea wasije wakafuata ramani, na mimi hilo naliunga mkono.

Kuna kisa kimoja cha Arizona ambacho kinaonesha kazi ya karatasi hizi kuliko maneno yangu yote. Mwaka 1970 Gentry na mwenzake walitangaza spishi mpya, Agave arizonica, mimea michache sana milimani. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, ikalindwa kisheria. Baadaye watafiti wakaendelea kukusanya, wakalinganisha, wakapanda mbegu, ikaonekana si spishi inayojitegemea, ni chotara wanaojitokeza pale agave mbili tofauti, chrysantha na toumeyana, zinapoota jirani, na mwaka 2006 ikaondolewa kwenye orodha. Kuna watakaosema basi Gentry alikosea na pesa zimepotea. Mimi naona ndo sayansi ilivyotakiwa kwenda, alichokiona kilibaki kabatini wazi kwa kila mtu, na aliyekuja nyuma akakifungua akakipima upya. Na hukohuko Arizona, Wendy Hodgson wa Desert Botanical Garden ya Phoenix na wenzake wakagundua jambo la kinyume chake, kwamba baadhi ya agave zilizodhaniwa ni za mwitu zilikuwa zimepandwa na wenyeji wa kale kabla Wazungu hawajafika, zinakutwa karibu na magofu na matuta ya zamani ya kilimo, hazizai mbegu vizuri, zinaendelea kwa maotea tu mpaka leo wakati waliozipanda wameshaondoka karne nyingi. Mbili walizozipa majina ni Agave delamateri mwaka 1995 na Agave phillipsiana mwaka 2001. Shamba la watu limekaa porini miaka mia kadhaa likidhaniwa ni pori.

Na hapo ndo nikaanza kufikiria habari za kwetu.

Maana Agave amaniensis, huyu mzazi mkubwa wa 11648, jina lake limetoka Amani, hapahapa milima ya Usambara Mashariki, wilaya yetu ya Muheza. Trelease yule wa Marekani akiwa mzee pamoja na William Nowell, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Amani, ndo walioielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1933, na walichokielezea kilikuwa mmea uliokuwa unakuzwa Amani. Spishi yenye asili ya Amerika, dunia ikaifahamu kutoka kwenye shamba la utafiti la Tanganyika. Watu wangapi Muheza wanalijua hili? Shuleni hatukufundishwa, na kwenye gazeti sijaliona. Kituo kile Wajerumani walikianzisha mwaka 1902, kilikuwa na hebaria yake, mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi ikawa ndo Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya mpaka leo. Spesimeni nyingi za enzi za Mjerumani zilipelekwa Berlin, na usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yalipiga hebaria ya Berlin ikaungua, mimea ya nchi hii iliyokusanywa kwa jasho la wapagazi na waongozaji ambao majina yao hayakuandikwa hata kwenye lebo ikawa majivu. Kilichopona ni zile nakala za pili zilizokuwa zimegawiwa kwenye hebaria nyingine. Ndo faida ya kutoa nakala.

Tunayo hebaria ya taifa Arusha, tunayo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunayo TanBIF chini ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambayo kazi yake ndo hiyo ya kuweka data za viumbe vya nchi kwenye mtandao, na tunayo TARI Mlingano yenyewe, kile kituo cha utafiti wa mkonge, kilomita chache kutoka ninapoandikia. Ninachoomba si kitu cha mabilioni. Kuna shida moja ya mimea ya mashambani ambayo ipo duniani kote, wakusanyaji wanafuata cha porini, cha shambani wanakiona hakina hadhi ya kukaushwa, wanasema hicho kinajulikana. Lakini shambani ndo kuna mabadiliko ya haraka. Nimewahi kuuliza kwa mtaalamu mmoja wa ofisi fulani kama chotara zile nyingine walizozijaribu wazee kabla na baada ya 11648 zina spesimeni, akanijibu kwamba mkonge ni zao na hebaria ni ya mimea, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu lile limeniuma mpaka leo. Namba 11648 yenyewe inakuambia kulikuwa na namba nyingine nyingi, na shamba la majaribio likishang'olewa likapandwa kitu kingine hakuna atakayejua zile nyingine zilikuwa na ukingo wa namna gani, ziliota maotea mangapi, maua yake yalikuwaje.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liwaulize wahusika, mkonge wa kawaida, 11648 na amaniensis za mashamba ya Tanga zikaushwe kwa utaratibu ule niliousema, jani lipasuliwe, likombwe, ukingo na ncha vishonwe, maua yapasuliwe, na kwa vile jani zima haliingii kwenye karatasi basi lebo iseme kila kitu ambacho karatasi haiwezi kubeba, urefu wa jani, kipenyo cha mmea, kimo cha mlingoti, shamba gani, lilipandwa mwaka gani, mche ulitoka wapi, na iandikwe wazi kwamba umepandwa si wa porini. Na jina la mkata mkonge aliyepanda kuangusha mlingoti liandikwe pia kwenye lebo, maana bila yeye huyo profesa asingeyafikia maua. Nakala moja ibaki Arusha, nyingine Dar, nyingine Nairobi, na nyingine ipelekwe Mexico kwa wenye asili yao, wao nao wakiwa wanachunguza angustifolia yao wapate kuona mtoto wake alivyokua huku.

Kwa vijana wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na wa shule zetu za kilimo, ingieni kwenye hiyo ramani ya GBIF, andikeni jina la Agave angustifolia, chagueni spesimeni za hebaria peke yake muache zile picha za watalii, someni lebo kumi kwa utulivu. Nyingi ni Kihispania, lakini tarehe ni tarehe na mita ni mita, na simu zenyewe siku hizi zinatafsiri. Mtaona zimechukuliwa miezi gani, mtaona mwinuko, mtaona wapi pamejaa vidoti na wapi hakuna kabisa, na mjiulize kama hakuna mmea au hakuna aliyekwenda. Ukipata swali hapo umeshapata mada ya utafiti wa digrii yako, na ni mada ambayo mkulima wa mkonge atakushukuru.

Na kwa mwandishi wa ile makala, sina ugomvi naye, makala yake ya bei ilinisaidia mimi na wenzangu kwenye ushirika tulipokuwa tunapatana na mnunuzi. Ila sahihisho la sentensi ile moja naliomba lichapwe, hata mistari mitatu inatosha: mkonge asili yake ni Mexico, ulifika Tanga mwaka 1893, na 11648 ilizalishwa hapa kwetu kutokana na amaniensis na angustifolia. Milingoti imeshaanza kutoka kwenye shamba la zamani la jirani yangu na maua hayakai muda mrefu kabla vikonyo havijachukua nafasi, kwa hiyo kama kuna mtu wa hebaria ya Arusha au ya Dar anasoma barua hii, aje sasa, aje na glavu ngumu na ngazi, wakataji wa kumsaidia tutampatia.

Wasalaam,
Msomaji wenu na mkulima wa mkonge,
Muheza, Tanga